TUIJUE NCHI YETU: Stesheni ya Kilosa na Mto Mkondoa

Mwezi huu tunasafiri hadi Kilosa mjini. Wenzetu wa Ruhembe wanaijua Kilosa. Ndiyo makao makuu ya wilaya yao. Mtu akiwa na shida ya ofisini huenda Mikumi, kisha hushika njia ya Kilosa. Akimaliza shughuli zake hurudi nyumbani kwenye miwa yake. Lakini ni wachache wanaosimama kidogo kuitazama stesheni ya reli na kujiuliza: kwa nini imejengwa hapa?

Kijana mmoja wa Ruhembe aliniuliza swali hilo siku moja. Alisema, "Shikamoo mzee. Hivi kwa nini Wajerumani walipitisha reli kubwa Kilosa? Kwa nini hawakuipitisha huku kwetu kwenye ardhi nzuri?"

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Mtafute kwanza mto. Ukiupata mto, utaipata reli."

Hakunielewa. Basi leo nitaeleza vizuri, ili yeye aelewe, na sisi sote tuelewe. Maana habari ya stesheni hii si habari ya zamani tu. Inahusu mashamba yetu ya leo.

NJIA ILIYOTANGULIA RELI

Kabla ya reli watu walisafiri kwa miguu. Misafara mikubwa ilitoka Bagamoyo, kule pwani, kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi walibeba nguo, shanga na waya kwenda bara. Wakirudi walibeba pembe za ndovu. Watu wengine walipitishwa njia hizo wakiwa watumwa.

Njia moja ya misafara ilifuata bonde la Mto Mkondoa, karibu na Kilosa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita bonde hilo. Alikuwa anakwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone.

Kwa nini misafara ilifuata mto? Kwanza, watu na wanyama wanahitaji maji. Pili, magharibi ya Kilosa kuna milima mirefu. Imesimama kama ukuta kati ya nchi ya chini na nyanda za Dodoma. Mto Mkondoa umeupasua ukuta huo. Umefanya mlango. Mwenye kutaka kupita bila kupanda sana hana budi kupita katika mlango huo.

RELI INAFIKA KILOSA

Serikali ya Wajerumani ilianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, pale Dar es Salaam. Waliopewa kazi ni kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Ilifika Kilosa mwaka 1909. Kisha ikapanda kwenda Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wote, kutoka bahari mpaka ziwa, ni karibu kilometa 1,250.

Tusidanganyike. Wajerumani hawakujenga reli hiyo kwa kutuhurumia. Walitaka pamba na katani zifike bandarini kwa urahisi. Walitaka pia askari wao wafike bara upesi. Wakati reli inaanza kujengwa, Vita vya Maji Maji navyo vilianza, mwaka huo huo wa 1905. Lakini jasho lilikuwa la Waafrika. Ndio waliofyeka misitu. Ndio waliobeba mawe, wakachimba udongo na kulaza mataruma. Mataruma ni zile nguzo fupi zinazolala chini ya reli na kuzishika zisiachane.

Sasa turudi kwenye swali la yule kijana. Treni za wakati ule ziliendeshwa kwa mvuke. Ndiyo maana tuliziita gari moshi. Injini ya mvuke ni kama sufuria kubwa iliyo juu ya moto. Maji yakichemka, mvuke husukuma vyuma, navyo vyuma huzungusha magurudumu. Sufuria hiyo hunywa maji mengi sana. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuwe na maji njiani, mahali baada ya mahali.

Tena, gurudumu la treni ni la chuma, na reli ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Lori laweza kupanda mlima mkali. Treni haiwezi. Inataka njia inayopanda polepole.

Unaona basi? Maji yako mtoni. Njia inayopanda polepole iko mtoni. Kwa hiyo, kutoka Kilosa reli ilifuata Mto Mkondoa. Ilipanda nao kupitia Kidete hadi Gulwe. Huko juu mto huo huitwa Kinyasungwe. Mahali pengine reli iko upande huu wa mto. Mahali pengine inavuka daraja na kwenda upande wa pili. Reli na mto zinakwenda pamoja kama watu wawili katika njia nyembamba.

STESHENI INAKUZA MJI

Pahali penye stesheni hapakosi watu. Kilosa ilikua kwa sababu hiyo. Mashamba makubwa ya katani yalikuwako Kimamba na Rudewa. Katani ilipakiwa katika mabehewa kwenda Dar es Salaam, na meli zikaipeleka nje. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi. Wengine hawakurudi makwao. Waliweka makazi hapa, wakazaa, na wajukuu wao leo ni watu wa Kilosa.

Vita Kuu ya Kwanza nayo ilipita hapa. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kilosa mwezi Agosti mwaka 1916. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli, ili adui asiitumie. Baada ya hapo Waingereza wakaitengeneza reli, wakaitumia wao.

Mwaka 1961 tulipata Uhuru. Reli yetu iliendelea kuwa pamoja na reli za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha Shirika lake la Reli. Stesheni ya Kilosa ikawa mali yetu wenyewe kabisa.

TAWI LA KWENDA KIDATU

Hapa ndipo watu wa Mikumi, Ruhembe, Kidodi na Kidatu wanapoingia katika habari hii.

Kutoka Kilosa lilijengwa tawi la reli la kwenda kusini. Tawi hilo lilifika Mikumi mwaka 1960, na Kidatu mwaka 1965. Kwa hiyo Kilosa ikawa njia panda ya reli. Miaka hiyo ya 1960 ndipo kilimo kikubwa cha miwa kilipoanza katika bonde la Kilombero, na kiwanda cha sukari kikajengwa. Miaka ya 1970 kiwanda cha pili kilijengwa upande wa Ruhembe.

Miaka hiyo hiyo ya 1970 ilikuja reli nyingine, TAZARA, yaani Reli ya Uhuru. Tuliijenga sisi na Zambia kwa msaada wa China, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Urefu wake ni kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nayo inapita Kidatu.

Mtu atasema, "Vema! Reli mbili zimekutana Kidatu. Treni itoke Kilosa, iingie TAZARA, iende zake Zambia." La, haiwezekani. Katika Reli ya Kati, nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000, yaani meta moja. Katika TAZARA nafasi hiyo ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu. Weka vidole vyako vinne pamoja. Upana wake ni karibu sawa na tofauti hiyo.

Kwa ajili ya vidole vinne, behewa la reli moja haliwezi kupita katika reli nyingine. Mzigo ni lazima ushushwe na kupakiwa upya. Ndiyo sababu mwaka 1998 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu.

Lakini liko jambo kubwa kuliko vidole vinne. Mzigo wa Kidatu unaotaka kwenda Dodoma, Tabora au Mwanza kwa reli ni lazima upite Kilosa. Ukifika Kilosa ni lazima upande na Mto Mkondoa. Je, kama njia ya mtoni imekatika?

MTO UNAPOIDAI NJIA YAKE

Mwezi Desemba mwaka 2009 mvua kubwa zilinyesha. Ziliendelea hadi Januari mwaka 2010. Mto Mkondoa ulijaa. Tuta lililojengwa kuukinga mji wa Kilosa lilibomoka. Maji yakaingia katika nyumba za watu. Maelfu ya wananchi waliachwa bila makazi, wakaishi katika mahema.

Reli nayo iliharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Safari za treni kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilisimama kwa miezi.

Labda hujaona reli iliyokatwa na maji. Nitakueleza. Reli hailali juu ya ardhi tupu. Chini yake kuna mataruma. Chini ya mataruma kuna kokoto. Chini ya kokoto kuna tuta la udongo. Maji ya mto yanapopita kwa nguvu pembeni ya tuta, huanza kulila kwa chini. Udongo unamegeka, kokoto zinaanguka. Mwisho vyuma vinabaki hewani na mataruma yake, vimening'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitazama kwa mbali utadhani reli ni nzima. Lakini treni ikipita hapo, ni maafa.

Fikiri hasara yake. Mafuta, mbolea, saruji na ngano huja Dar es Salaam kwa meli. Reli ikikatika Kilosa, vitu hivyo hupanda malori. Treni moja ya mizigo hubeba mzigo wa malori mengi. Nauli ya mzigo inapanda, na bei dukani inapanda. Mkulima wa Kigoma, ambaye hajawahi kuuona Mto Mkondoa, analipa gharama ya mto huo.

NDOO 10,000

Watu wengine husema, "Mvua ni ya Mungu. Tutafanya nini?" Kweli, mvua hatuwezi kuizuia. Lakini maji yakishaanguka chini, namna yanavyotembea inategemea na kazi ya mikono yetu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua shamba la ekari moja. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, shamba hilo limepata lita za maji zipatazo 200,000. Hizo ni ndoo 10,000 za lita 20. Ekari moja tu!

Kama ekari hiyo ina miti, majani na mboji, maji mengi huingia ardhini. Hutoka polepole katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Lakini kama ekari hiyo iko mlimani, imefyekwa na kuchomwa moto, na matuta yake yanatelemka kufuata mteremko, itakuwaje? Ndoo hizo nyingi zitashuka kwa mara moja. Tena hazishuki peke yake. Zinabeba udongo mzuri wa juu, ule unaolisha mahindi.

Udongo ule unakwenda wapi? Unakwenda mtoni. Maji yakipungua kasi, mchanga unatua. Mwaka hadi mwaka sakafu ya mto inapanda. Makalavati ya reli yanaziba. Mto ukikosa nafasi yake, unatafuta njia nyingine. Na njia iliyo jirani kabisa ni tuta la reli.

Kwa hiyo udongo unaomkosesha mavuno mkulima wa mlimani ndio unaomkosesha safari abiria wa stesheni. Ni hasara moja, ila inalipwa mara mbili.

RELI MPYA HAIONDOI MTO

Utasema, "Lakini sasa tuna reli mpya." Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Treni yake yaweza kukimbia kilometa 160 kwa saa. Kilosa ina stesheni katika reli hiyo pia. Na kwa kuwa milima ni ile ile, mafundi walitoboa mahandaki katika milima ya Kilosa ili treni ipite ndani.

Reli ya zamani nayo haijatupwa. Serikali ilifanya matengenezo makubwa kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, umbali wa kilometa 970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Gharama hizo zote ni zetu sisi wananchi. Daraja liwe refu, handaki liwe imara, bado maji ya milimani yatashuka. Yakishuka na mchanga mwingi, hata kazi mpya itaumia. Fundi anajenga chini. Mkulima wa juu ndiye anayeamua maji yatafika vipi.

TUFANYE NINI?

Yako mambo ambayo kila kijiji kinaweza kuyafanya bila kungoja mtu.

Kwanza, tulime kwa kukinga mteremko. Matuta yakate mlima, yasitelemke nao. Chimba makinga maji, na juu ya tuta lake panda majani ya tembo. Majani hayo hushika udongo, na ng'ombe wako atakula.

Pili, tusilime hadi ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache meta 60 kutoka ukingoni. Hizo ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima. Mizizi ya miti na matete ndiyo ukuta wa mto.

Tatu, tusichome moto milimani. Moto wa kuwinda panya mmoja unaweza kuacha mlima mzima uchi.

Nne, tuache nafasi ya reli. Tusilime juu ya tuta, tusichimbe mchanga karibu na daraja, wala tusing'oe vyuma na kuviuza kama chuma chakavu. Aliyeiba misumari ya reli ameuza roho za watu.

Tano, tuwe macho wakati wa masika. Ukiona tuta limemeguka au kalavati limeziba, usinyamaze. Mtu mmoja akimbie stesheni iliyo karibu au kwa mwenyekiti wa kijiji, apige simu kama anayo. Usidhani wenye reli wameshajua. Huenda wewe ndiye wa kwanza kuona.

Wenzetu wa Ruhembe watasema, "Sisi maji yetu hayaendi Mkondoa. Ya kwetu yanashukia Ruaha, yanakwenda Rufiji." Ni kweli. Maji ya Mkondoa huingia Wami, na Wami humwaga baharini. Mito ni mbalimbali. Lakini mlima uliofyekwa hufanya kazi ile ile kila mahali. Hapo Ruhembe mto ukijaa mchanga, utakata barabara ya miwa. Miwa iliyokatwa haingoji. Ikichelewa kufika kiwandani, sukari yake inapungua na fedha za mkulima zinapungua. Yaliyoipata reli Kilosa yaweza kuipata barabara yako.

Yule kijana niliyemwambia atafute mto alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Kumbe mzee, stesheni inashikiliwa na watu wa mlimani, ambao hata treni hawaipandi."

Nikamwambia, "Ndivyo. Na wewe shamba lako liko wapi?"

Akacheka kidogo. Akasema, "Liko mlimani, mzee. Na matuta yangu yanatelemka."

Nikamwambia bado mapema, masika haijafika. Akichukua jembe sasa, atawahi.

TUZUNGUMZE

Wasomaji, someni habari hii pamoja, kisha jibuni maswali haya:

1. Reli ilifika Kilosa mwaka gani? Kwa nini ilifuata mto?

2. Kwa nini behewa la Reli ya Kati haliwezi kupita katika TAZARA?

3. Mvua ya milimita 50 huleta ndoo ngapi za maji katika shamba lako? Zidisha ndoo 10,000 kwa idadi ya ekari zako.

4. Katika kijiji chenu, ni mlima gani umebaki bila miti? Maji yake yanashukia wapi? Nani yuko huko chini?

Mkimaliza swali la 4, msiishie kusema. Nendeni mkautazame mlima huo.

Tuonane mwezi ujao.